Je, Kumtunza Mzee ni Kumtawala?

Waulize watu wa Gisenyi kama kumpiga mzee ni vibaya, watadhani umewatukana. Bibi yangu hajapigwa hata siku moja, na bado nadhani tulimdhulumu.

Anapata msaada wa VUP, ule wa serikali kwa kaya maskini zisizo na mtu wa kufanya kazi. Fedha hupitia Umurenge SACCO, na mjomba ndiye anayekwenda naye na kuzishika. Hununua maharagwe, unga na sabuni; haibi. Mwaka jana bibi aliomba faranga 2,000 ampelekee dada yake aliyeko Goma. "Bibi, wewe pesa za nini?" Tulicheka, nami nikiwemo.

Mjomba hudai kwamba anayeshiba hajadhulumiwa. Sikubali: mfungwa pia hulishwa. Ila ana hoja moja inayonisumbua: bibi husahau, aliwahi kupoteza fedha zote njiani akitoka sokoni. Lakini mimi nikipoteza fedha naonewa huruma, sinyang'anywi pochi. Nani basi huamua ni lini mtu amepoteza haki ya kukosea?

Jumapili nilimuuliza bibi mwenyewe kama angependa kuzishika fedha zake. Alinyamaza kidogo.

"Mjomba wako hatakasirika?"