Je, Yafaa Kusema Usiloliamini Ili Upate Nafasi?

Vijana waombao kusomea udaktari katika vyuo vya Uingereza na Canada hawapimwi kwa mitihani ya elimu peke yake. Huitwa wakahojiwa, wakaulizwa masuali yanayowashinda hata wazee. Katika mtindo uliotangazwa na Chuo Kikuu cha McMaster, cha Canada, mwaka 2004, mwombaji hupita kituo baada ya kituo, na kila kituo kina muhoji wake na suali lake la dakika chache. Lipo ini moja la kupandikizwa na wagonjwa ni wawili, mmoja wao amejiharibu kwa ulevi: apewe nani? Mgonjwa mwenye akili timamu akataa kutiwa damu, na bila ya damu atakufa: daktari afanyeje?

Wako wanaowahifadhisha vijana hawa majibu. Huwaambia, "Sema wapendalo kulisikia, lako liweke moyoni." Sisi twaona shauri hili ni baya, kwa sababu mbili.

Kwanza, anayelitoa hakufahamu kinachotakiwa. Beauchamp na Childress, wanazuoni wa Marekani, walitoa kitabu mwaka 1979 wakataja misingi minne ya tabibu: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumfanyia la kheri, kutomdhuru, na kufanya uadilifu. Suali huwa gumu pale misingi hii inapogongana. Kwa yule akataaye damu, kheri yake yavuta huku na uamuzi wake wavuta kule; na sharia ya Uingereza humpa mtu mzima mwenye akili timamu haki ya kukataa matibabu. Mwombaji yampasa azipime pande zote mbili, kisha aseme asimama wapi na kwa hoja gani. Aliyehifadhi jibu hukwama mara aulizwapo, "Na lau mgonjwa ni mtoto?"

Pili, wako wadhanio kuwa hawana budi kuongopa wakiulizwa juu ya kutoa mimba, jambo ambalo imani zao hazilikubali. Na wajue kwamba sharia ya Uingereza ya mwaka 1967 yamruhusu daktari ambaye dhamiri yake inakataa asishiriki, ila inapohitajika kuokoa uhai wa mama au kumkinga na madhara makubwa ya kudumu. Naye yampasa amwambie mgonjwa waziwazi kuwa ana haki ya kumwona daktari mwingine, wala asimdharau. Basi mkweli hakufungiwa njia.

Atasema mtu: nafasi ni chache, na huenda ukweli ukamkosesha. Twajibu: huenda. Lakini nafasi iliyopotea yaweza kuombwa tena mwakani. Na aliyeingia udaktari kwa ulimi usio wake, atamjibu kwa ulimi gani mgonjwa atakayemshika mkono na kumwuliza, "Daktari, nitapona?"

Enyi wazazi, kabla ya kuwanunulia watoto vitabu vya majibu, kaeni nao usiku muwaulize masuali haya. Na kila wajibupo, waulizeni: kwa nini?