Uhuru wa Uzeeni

Watu wengi hutamani uhuru, lakini wachache hujiuliza watautumia kwa kazi gani wakiupata. Kijana hudhani kuwa uhuru utamjia siku atakapomaliza masomo. Akiisha masomo, huuona mbele yake katika siku atakapopata kazi. Na akipata kazi, huuahirisha tena mpaka siku atakapostaafu. Basi yafaa tuitazame siku hiyo ya mwisho. Mtu aliyekwisha kutumika miaka thelathini au arobaini, ambaye watoto wake wamekua, nyumba yake haina deni, na hapana kengele imwitayo asubuhi, je, yu huru kufanya apendalo? Ama angali anadaiwa? Na kama anadaiwa, anadaiwa nini, na nani amdaiye?

Wazee wetu wa kale hawakuulizwa swali hili. Mkulima aliliacha jembe siku mkono uliposhindwa kuliinua, na mvuvi aliiacha bahari siku macho yaliposhindwa kuuona mwamba. Kulipwa bila kutumika, kwa sababu ya umri tu, ni jambo jipya katika dunia. Ujerumani ilitunga sheria ya malipo ya uzee mwaka 1889, Marekani ilitunga yake mwaka 1935, na Kenya ilianzisha hazina ya taifa ya akiba ya wafanyakazi mwaka 1965. Kwa hiyo mtu anayestaafu leo ana zawadi ambayo vizazi vingi vilikufa bila kuionja. Zawadi mpya hutaka adabu mpya, na adabu hiyo ndiyo tuitafutayo hapa.

Nitachukua mfano mmoja kutoka pwani ya mashariki ya Marekani. Mahali penyewe ni mbali, lakini msomaji aliyelelewa Lamu au Mombasa hatauona mgeni, kwa kuwa amesikia jinsi majahazi yalivyokuwa yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Huko Marekani nako wako watu waendao na kurudi kwa majira. Majani ya miti yaanzapo kupukutika, mashua nyingi hushuka kusini kuikimbia baridi. Na joto liingiapo, hupanda kaskazini kuzikimbia tufani, ambazo majira yake huhesabiwa tangu tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Novemba. Aghalabu ndani ya mashua kama hiyo hamna mabaharia wa kuajiriwa. Mna mume na mke waliostaafu, ambao wameiuza nyumba yao au wameipangisha, nao wameifanya mashua kuwa makao.

Njia yao huitwa Intracoastal Waterway. Huanzia Norfolk, katika jimbo la Virginia, ikaenda Florida, mwendo wa zaidi ya maili elfu moja. Ni mito, ghuba na mifereji iliyounganishwa, na visiwa vya mchanga huikinga sehemu kubwa ya njia hiyo na mawimbi ya bahari kuu. Atazamaye kutoka ufukoni huiona mashua ikipita polepole, mzee mmoja ameshika usukani na mwenzake anakunywa chai. Husema moyoni, hao ndio waliopumzika. Lakini waliotutangulia walitwambia kuwa vyaelea vimeundwa. Tuingie ndani ya mashua, msomaji, tuone.

Chombo chenyewe yamkini hakizidi urefu wa mita kumi na mbili. Meza ya kulia ndiyo huwa kitanda cha mgeni usiku. Maji ya kunywa, ya kupikia na ya kuogea yote hutoka katika tangi moja, na tangi likikauka hapana jirani wa kumwomba ndoo. Watu walioishi miaka mingi katika nyumba ya vyumba vitano hulazimika kukishika kila kitu walicho nacho mkononi na kukiuliza: wewe una kazi gani? Kisichokuwa na jibu hakipandi. Hapo ndipo wengi hugundua kuwa nusu ya jasho la ujana wao lilinunua vitu ambavyo havikuhitajiwa ila na makabati yaliyovihifadhi. Hili ni somo la kiasi, nalo ni gumu. Mtu aweza kulisoma katika vitabu mara mia asilielewe, lakini akipewa rafu moja kwa ajili ya mali zake zote hulielewa kwa siku moja.

Wala kazi haikuisha. Kabla ya kung'oa nanga hutazama mafuta ya injini, husikiliza habari za hali ya hewa, na husoma majedwali ya maji kujaa na kupwa. Katika pwani ya jimbo la Georgia maji hupanda na kushuka zaidi ya mita mbili, na mafungu ya mchanga huhama, hata ramani ya mwaka jana yaweza kusema uongo mwaka huu. Asiyehesabu saa za maji hupwelewa, akakaa juu ya tope akiwangojea wenye hesabu wampite. Yako madaraja yafunguliwayo, ambayo mlinzi wake lazima aitwe kwa redio na kungojewa. Na yako yasiyofunguliwa, ambayo mengi yana kimo cha futi 65 juu ya maji, na mwenye mlingoti mrefu kuliko hapo hana budi kutafuta njia nyingine. Uchafu wa choo hauruhusiwi kumwagwa ovyo karibu na pwani. Huwekwa katika tangi lake mpaka mahali pa kuutoa. Apitaye karibu na chombo kilichotia nanga hupunguza mwendo, ili wimbi lake lisiwamwagie wenziwe chai.

Basi mbona watu hawa hujiita huru? Jibu ni kwamba zamani waliamrishwa na mtu, na sasa wanaamrishwa na maji, na amri hiyo wameichagua wenyewe. Mtu asiyekuwa na la kufanya hana uhuru. Ana utupu, na utupu hujazwa upesi na uchungu au ulevi. Uhuru ni kuichagua kazi ambayo utaitii.

Katika kazi zote za mashua, iliyo kubwa kuliko zote ni ya wawili wale kuishi pamoja. Husemwa kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mume na mke wakikosana katika nyumba kubwa, mmoja huenda shambani na mwingine sokoni, na hasira hupoa njiani. Katika mashua mmoja huenda tezi, mwingine huenda omo, kisha hukutana tena ndani kabla ya maneno kupoa. Tena twajua kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama. Watu wawili ambao kila mmoja alikuwa mkuu mahali pake, huyu katika ofisi na huyu katika darasa, sasa wana usukani mmoja. Walio na busara hukata shauri hivi: aliye katika usukani ndiye nahodha, na mwenziwe humtii mpaka zamu ibadilike. Kisha hubadilishana kweli.

Kubadilishana huku hakufanywi kwa heshima tu. Hufanywa kwa sababu ya jambo ambalo wawili hao hawapendi kulitaja. Ikiwa mume peke yake ndiye ajuaye kuiongoza mashua, na siku moja akateleza akaanguka majini, mkewe atasimama juu ya chombo kinachokwenda, akimwona mumewe akibaki nyuma, naye hajui kukisimamisha. Mumewe alimpenda, pengine alikataa asishike kamba akaumia mikono. Na upendo huo ndio utakaomzamisha. Kwa hiyo wenye hekima hufundishana siku ya shwari. Mke hujifunza kugeuza chombo na kumrudia aliyeanguka, hujifunza kuita msaada kwa redio. Mume hujifunza hesabu za fedha, na dawa za mwenziwe, na saa za kuzimeza.

Zingatia jambo hili, msomaji, maana halihusu mashua peke yake. Ni nyumba ngapi katika nchi yetu ambamo baba peke yake ndiye ajuaye hati ya shamba iliko, na nani anamdai, na nani anadaiwa? Siku akifa, mjane huwa kama abiria katika chombo kisicho na nahodha, na wasio na huruma humzunguka kama papa. Tumezoea kuupima upendo kwa mambo ambayo mtu humfanyia mwenziwe. Afadhali tungeupima kwa jinsi anavyomwezesha mwenziwe kusimama siku ambayo yeye hatakuwapo. Hili ndilo deni la kwanza la mtu huru, na hudaiwa na aliye karibu naye kuliko wote.

Liko deni la pili, nalo hudaiwa na watu wasioonekana. Kutoka Norfolk msafiri ana njia mbili za kwenda kusini, na mojawapo hupita katika mfereji mwembamba, ulionyooka, katikati ya msitu wa kinamasi uitwao Great Dismal Swamp. Mfereji huo ulianza kuchimbwa mwaka 1793 ukafunguliwa mwaka 1805. Waliouchimba kwa mikono, katika tope na mbu, walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Na katika kinamasi hicho hicho walijificha watumwa waliotoroka, wakaishi kati ya nyoka na maji meusi, wakiona kuwa hayo ni mema kuliko minyororo. Mmoja wa watu wa maji yale alikuwa Moses Grandy, mtumwa aliyekuwa nahodha wa mashua za mizigo katika mfereji huo. Alijikusanyia fedha akajinunua kwa bwana wake. Bwana akala fedha asimpe uhuru. Akajinunua mara ya pili kwa bwana mwingine, akadhulumiwa tena. Mara ya tatu ndipo alipoupata. Habari zake zilichapishwa mjini London mwaka 1843.

Mzee wa leo hupita katika maji hayo bila kulipa ila mafuta ya injini yake. Yeye hakumdhulumu Grandy, wala hakumchapa mchimbaji yeyote. Hata hivyo wepesi wa safari yake umetokana na uzito wa safari za wengine, na asiyelijua jambo hilo husafiri kama kipofu. Hatumwambii arudi nyumbani akalie. Twamwambia ajue, asimulie, na asiutumie ovyo uhuru ambao mwingine, katika maji yale yale, aliununua mara tatu. Na wewe nawe, barabara upitayo kwenda shuleni ina waliopasua mawe yake. Kuwakumbuka hakutakuchelewesha.

Yuko atakayesema kuwa bado hatujaligusa neno zito kuliko yote. Atauliza: hao wazee hawana wajukuu? Kwetu babu na bibi ndio mizizi ya nyumba. Mtoto hujifunza kwao nasaba, adabu na hadithi. Mama akiugua, bibi ndiye aletaye uji. Mzee anayelifunga jiko lake akaenda kuelea majini amewanyima walio nyuma yake urithi ambao haununuliwi. Hoja hii ina nguvu, na sitaipuuza. Ni kweli kwamba simu hupeleka sauti lakini haibebi mtoto mgongoni. Ni kweli pia kwamba wako wazee ambao safari yao ni kukimbia tu, na akimbiaye nyumba yake huibeba moyoni mpaka kila bandari ifanane nayo.

Lakini tusiihukumu haki kwa upande mmoja. Mzee naye ni mtu, si samani ya nyumba ya mwanawe. Wako wazee wengi, kwetu na kwingine, waliowekwa pembeni kama kinu kilichopasuka, wakaambiwa kuwa wanaheshimiwa, na hapana aliyewauliza wanataka nini. Mwana amwambiaye mamaye, “Kaa, usijichoshe,” pengine humpenda, na pengine hataki usumbufu. Heshima isiyoacha nafasi ya kuchagua ni kifungo chenye mto laini. Kwa maoni yangu, mzee ana haki ya kuondoka ikiwa ameaga na hakutoroka. Ikiwa walio nyuma wanajua atarudi lini. Na ikiwa siku atakapoitwa kwa msiba au kwa ugonjwa, nanga itang'olewa bila kinyongo. Asiyeweza kuyatimiza haya bado hajastaafu, kwa maana kazi yake iliyo kuu ingali mbele yake.

Tena safari hiyo ina mwisho, na wasafiri waujua. Itafika siku magoti yatakapokataa ngazi ya mashua, au jicho lisione tena alama za njia. Walioichukua mashua kuwa ndiyo uhuru wenyewe huvunjika moyo siku hiyo. Waliojifunza ndani yake kuishi kwa vitu vichache, kufundishana kazi, na kuyangojea maji bila kunung'unika, hushuka na mali yao yote, kwa sababu mali hiyo haikuwa ya mbao.

Ewe kijana, uzee ni mbali nawe, na huenda usimiliki mashua kamwe. Lakini usiungojee uhuru kama mtu angojeaye barua. Anza leo kutenganisha ukitakacho na ukihitajicho. Mfundishe nduguyo kazi unayoijua, na umwombe akufundishe yake. Waulize wazee wa nyumbani kwenu wanataka nini, kisha nyamaza usikie. Anayelipa madeni haya mapema, siku atakapoachwa huru atajua pa kuelekeza chombo chake.