Chagua Kazi Inayolipiwa Hata Mifuko Ikiwa Mitupu

Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Tanzania ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje. Mei anga likafunguliwa tena, ila watalii hawakurudi. Mwaka 2019 nchi ilikuwa imepokea wageni takriban milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000. Arusha iliumia. Magari ya safari yaliegeshwa uani, na watu waliokuwa wakijenga na kusomesha kwa bakshishi za dola wakarudi kutegemea shamba la mzee.

Hawakuwa wavivu hao. Wengi walizungumza lugha mbili tatu za kigeni na kumtambua ndege kwa mlio wake tu. Lakini mteja wao aliishi ng'ambo, na aliposhindwa kuja, ujuzi wote ule ukakosa wa kuulipia.

Kijana unayemaliza kidato cha nne leo, nakuomba ujiulize swali moja kabla ya kuchagua fani: mtu akibakiwa na shilingi elfu kumi, atazitoa kwa nani? Atanunua unga. Atanunua dawa ya mtoto. Atalipa nauli. Friji ya mwenye bucha ikifa, atamwita fundi usiku uleule, maana nyama haisubiri uchumi upone. Tena hali inapokuwa ngumu ndipo vitu vikuukuu vinapotengenezwa zaidi, kwa kuwa vipya havinunuliki. Friji, pampu ya maji, mashine ya kusaga, bodaboda: vyote hivyo vinamtafuta mwenye mikono inayojua.

Kuhitajika peke yake hakutoshi, na hapa nataka unisikilize vizuri. Hospitali zinahitaji wauguzi kila siku, lakini wapo wenye vyeti vyao safi wanaosubiri ajira za Serikali mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo angalia pia nani atakulipa. Ukitegemea mwajiri mmoja, siku akifunga mlango umefungiwa nje. Ukiwa na wateja wadogo wadogo mia moja, kumi wakiyumba bado utakula na utalipa kodi ya nyumba. Ukiupenda uuguzi, usome kwa moyo wote, ila jua na duka la dawa linavyoendeshwa. Ukiupenda utalii, nenda, ni kazi nzuri. Lakini uwe dereva anayeweza kufungua injini ya dizeli na kuirudisha ikawaka. Dereva huyo, watalii wakikosekana, bado ana malori ya mizigo na matrekta ya kutengeneza.

Wazazi, acheni kuwaambia watoto kwamba ufundi ni wa waliofeli! Mnawapokonya mkate. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo kisheria tangu 1994, na haifundishi wanaoanza tu: hata fundi aliyejifunzia gereji chini ya mwembe anaweza kupimwa ujuzi wake akapewa cheti kinachotambulika. Wewe uliyeshika spana miaka yote hiyo bila karatasi, kapimwe. Cheti hicho kitakufungulia kazi za kampuni, ambazo mteja wa mtaani hawezi kukupa.

Na ukishaanza kupata, usile zote. Jiunge na chama cha akiba na mikopo (SACCOS), nunua kifaa kimoja kimoja, mita ya kupimia umeme leo, mashine ya kulehemu mwakani. Fundi mwenye vifaa vyake haombi ruhusa ya mtu kufanya kazi.

Usisubiri matokeo ya mtihani ndipo uanze kufikiri. Wiki hii zunguka gereji na karakana za mji wako. Waulize mafundi ni kazi gani wanazirudisha kila siku kwa kukosa anayezijua. Watakutajia: mifumo ya umeme ya magari mapya, viyoyozi, pampu za sola. Chagua moja, mtafute anayeiweza kuliko wote, umwombe akupokee uanze kumshikia vifaa Jumatatu.