Sikio la Mwalimu

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii humkaribisha mgeni na kheri yake, lakini ndani yake mna swali ambalo aghalabu hatuliulizi. Mwenyeji anaumwa nini? Na huyo mgeni ajaye, dawa aliyoichukua ni ya maradhi hayo, au ni ya maradhi mengine? Nimelikumbuka swali hili mara nyingi tangu siku kishikwambi kilipoingia katika darasa langu. Leo napenda kulijadili mbele ya wasomaji wa kurasa hizi, ambao wanajua kuliko wengi kwamba neno halikamiliki kwa kusemwa tu, hata lipate wa kulisikiliza.

Mimi ni mzaliwa wa kisiwa cha Mafia. Ualimu ndio ulionivusha bahari, ukanipitisha Mbeya na Tunduma, ukanipandisha hadi uwanda wa juu wa Ufipa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani hahitaji kuambiwa hayo mara mbili. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai humtosha. Upande wa mashariki ardhi huporomoka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, na upande wa magharibi huteremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Katikati yake ni mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Jina lenyewe la mji, wenyeji hulieleza kuwa ni agizo katika Kifipa: tupa uchawi. Basi mgeni huingia akiwa ameshaambiwa mzigo gani auache mlangoni.

Shule niliyopangiwa iko kijijini. Nilikabidhiwa Darasa la Pili, watoto 97, wakikaa wanne wanne katika dawati lililotengenezwa kwa ajili ya wawili. Tangu mwaka 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa katika elimu ya msingi, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani walikuja shule. Hiyo ni kheri kubwa, wala simsikilizi anayeilalamikia. Ila kheri hiyo ilifika mapema kuliko madawati, na mapema kuliko walimu. Aidha, wengi wa watoto wangu walizaliwa katika Kifipa. Kiswahili, ambacho kwangu mimi ni maziwa ya mama, kwao kilikuwa ni nguo ya shule: huvaliwa asubuhi, huvuliwa mchana.

Kishikwambi nacho kilikuwa na safari yake. Mwezi wa Agosti 2022 nchi ilifanya Sensa ya Watu na Makazi, na makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi mahali pa madodoso ya karatasi. Kazi ilipokwisha, serikali ikaamua vifaa hivyo viende kwa walimu. Ugawaji ulizinduliwa mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na jumla ya vilivyotengwa kwa ajili ya elimu ilikaribia 300,000. Kwa hivyo chombo kilichoanza maisha yake kwa kuhesabu watu kikaingia darasani. Wakati ule sikuona fumbo lolote katika jambo hilo.

Furaha ya wiki za kwanza siwezi kuificha. Niliwaonyesha watoto bahari. Niliwaonyesha jahazi limetweka tanga, na wavuvi wanaovuta juya, na mnazi, mti ambao wengi wao hawakuwa wameuona. Mmoja aliniuliza maji yale yote yanakunywewa na ng'ombe gani. Kisha nikawawekea hadithi iliyosomwa na sauti ya mwanamke, Kiswahili fasaha, kila silabi mahali pake, na maneno yakipita kwenye kioo huku yakisomwa. Darasa la watoto 97 likanyamaza kimya, jambo ambalo mimi na fimbo ya ubao hatukuwahi kulipata. Kila siku niliicheza hadithi ile, kila siku waliifuatisha kwa sauti moja, nami nilitoka darasani nikijiona nimekuwa mwalimu bora.

Hali hiyo ilidumu miezi mitatu. Kijijini hatukuwa na umeme shuleni. Kishikwambi nilikichaji kwenye kibanda cha sola kilichoko senta. Siku moja, baada ya mawingu ya siku mbili, kioo kikazima katikati ya hadithi. Nikachukua kitabu chenye hadithi ile ile, nikauliza nani ataendelea. Akasimama msichana mmoja wa dawati la mwisho, mtoto asiye na maneno mengi. Akausoma ukurasa wote bila ya kukosea, hata mahali pale yule mwanamke wa kwenye mashine alipovuta pumzi, naye alivuta. Wenzake wakampigia makofi. Nami nikampigia.

Sijui ni nini kilichonituma, labda ni pumzi ile. Nilimwendea, nikaweka kidole juu ya neno moja katikati ya ukurasa, nikamwambia: hili ni neno gani, mwanangu? Akalitazama, akanitazama, kisha akaanza ukurasa kutoka juu. Nikahamisha kidole hadi neno jingine. Akaanza tena kutoka juu. Hakuijua hata herufi moja. Alichokijua ni sauti. Wiki ile niliwapitia wote, mmoja baada ya mmoja, kidole changu kikiruka huku na huku juu ya ukurasa, nikawakuta wengine 31 wa namna yake. Na katika daftari langu, wote hao nilikuwa nimewaandika kuwa wanasoma.

Ni rahisi hapa kukilaumu chombo, na wapo ambao wangefurahi nikifanya hivyo. Lakini chombo kilitimiza kazi yake: kilisoma, na kilisoma vizuri kuniliko. Aliyeacha kazi yake ni mimi. Miezi mitatu uso wangu ulikuwa umeelekea pale pale zilipoelekea nyuso za watoto, yaani kwenye kioo. Darasani mle mlikuwa na watazamaji 98, wala hamkuwa na mwalimu.

Nilikikumbuka kibao changu cha chuoni. Wasomaji wengi wa mwambao wanakijua: kipande cha ubao, wino wa masizi, na maji ya kukioshea somo likiisha kuhifadhiwa. Kama ni habari ya vifaa, hakuna kifaa duni kuliko hicho. Wala siwezi kudai kwamba huko hatukukariri. Tulikariri mchana kutwa. Kukariri si aibu. Mashairi yetu yamevuka karne na karne vifuani mwa watu kabla ya kuvuka katika vitabu. Lakini kila mmoja wetu alikuwa na zamu yake ya kukaa mbele ya mwalimu, goti kwa goti, na kijiti cha mwalimu hakikufuata mstari. Kiliruka kutoka herufi hii hadi ile, kikarudi, ili kijue kama kinachosema ni kichwa au ni jicho. Alikuwa na watoto wengi, na macho yake yalikuwa yameanza kufa, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyempita bila ya kusikilizwa.

Shaka hii si ya leo. Katika maandishi ya Plato, Sokrate analalamika kwamba neno lililoandikwa, ukiliuliza, hukurudishia jawabu lile lile siku zote. Aliogopa kuandika kama baadhi yetu tunavyoogopa mashine, na tunajua kwamba hofu yake haikuzuia vitabu, wala haikustahili kuvizuia. Lakini alichokisema kuhusu jawabu ni kweli hadi leo. Sauti ile ya kwenye kishikwambi ingeweza kumsomea msichana wangu mara 1,000, na mara zote 1,000 isingetambua kwamba haelewi.

Ni insafu kuusikiliza na upande wa pili. Mwaka 2014 lilitangazwa shindano la kimataifa lililoitwa Global Learning XPRIZE, ambalo swali lake lilikuwa la kijasiri: je, mtoto asiye na shule karibu naye anaweza kujifunza kusoma na kuhesabu kwa kishikwambi peke yake, bila ya mwalimu? Majaribio yalifanyika hapa kwetu, katika vijiji vya mkoa wa Tanga, kwa muda wa miezi 15, kwa Kiswahili. Mwaka 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Watoto wale walijifunza; hilo halikanushiki, na mtu asiyewahi kumwona mtoto akikua bila ya herufi hata moja asilidharau. Kwa mwenye njaa, nusu ya mkate si jambo la kufanyia mzaha. Na mimi mwenyewe, mbele ya watoto 97, nilikuwa na haki gani ya kujigamba kwamba nina sikio? Sikio moja kwa watu 97 ni karibu na uziwi.

Basi swali si kama mashine inafundisha. Swali ni hili: mtoto asipofahamu, nani anayeulizwa? Programu haiulizwi. Haina usiku wa kukosa usingizi, wala haitakutana sokoni na mama wa mtoto. Dhamana hukaa kwa mtu tu, na chombo kizuri kikimjia mtu mchovu, kishawishi chake cha kwanza ni kumfanya adhani kwamba dhamana imehamia kwenye chombo. Maradhi hayo ndiyo yaliyonipata.

Niliopata kwao fikra ya kunitoa hapo ni Wafipa wenyewe. Katika nchi ile bado yapo masalia ya tanuri za kuyeyushia chuma, ambazo Wafipa waliziita malungu. Zilijengwa kwa udongo, ndefu kumpita mtu, na matundu upande wa chini yaliyovuta upepo wenyewe bila ya mivuo. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri ndogo, kisha kikafuliwa majembe. Wafipa walikuwa na teknolojia kubwa kabla ya yeyote kuwaletea neno hilo, hata bidhaa za chuma kutoka ng'ambo zilipoidhoofisha kazi hiyo na ikakoma katika karne ya 20. Watoto walinijia na vipande vya mavi ya chuma walivyoviokota mashambani, vizito, vyeusi, nikaviweka dirishani. Lakini kilichonishika ni miiko. Wayeyushaji walikuwa na dawa zao na masharti yao. Katika siku za kazi hawakukaribia wanawake. Sitetei kila mwiko wa kale. Nasema tu kwamba watu wale walijua kwamba moto mkubwa haukabidhiwi mtu ambaye hajajifunga kwa jambo lolote. Sisi tulipewa kishikwambi na waya wa kuchajia. Miiko hatukupewa, wala hatukuiuliza.

Nikajiwekea yangu. Mwiko wa kwanza: kioo kisiwashwe mbele ya watoto kwa muda mrefu kuliko nitakaowasikiliza. Wa pili: nisimwandike mtoto kuwa anasoma kwa kusikia sauti ya wote. Wa tatu ndio uliobadili kazi. Niligundua kwamba chombo kile kinanasa sauti kama kinavyoitoa. Kila siku, wengine wakiandika, watoto kumi walikuja mmoja mmoja, nikawapa sentensi ambayo hawakuwahi kuisikia, wakaisoma mbele yake. Usiku, chini ya blanketi mbili, nilizisikiliza. Nilisikia mambo ambayo kelele za darasa zilikuwa zimenificha: anayeogopa herufi moja tu, anayesoma sawasawa lakini kwa kunong'ona, anayetafsiri kwa Kifipa kwanza kisha ndio aseme. Asubuhi nilimwendea kila mmoja na tatizo lake. Kisha nilizifuta sauti zote, kwa kuwa kukosea kwa mtoto ni amana. Chombo kilikuwa kile kile. Kwanza nilikifanya kinywa changu, baadaye nikakifanya sikio.

Mwishoni mwa mwaka tulitunga mashairi mafupi darasani, watoto wakihesabu mizani kwa vidole, vinane huku na vinane huku, na yeyote aliyepungukiwa alijua mwenyewe, kwa kuwa kidole kimoja kilibaki bila ya kazi. Walicheka sana. Msichana wa dawati la mwisho hakuwamo. Alikuwa ameanza kuunganisha silabi, polepole, akiweka kidole chake mwenyewe juu ya kila neno, wazazi wake walipoteremka naye bondeni Rukwa kwenda kulima. Kwa hesabu yangu alihitaji muda wa miezi mitatu zaidi. Ni miezi mitatu ile ile.

Kishikwambi hurudia hadithi kila unapokitaka. Mtoto harudiwi. Kwa hivyo mgeni na aje, nami namkaribisha kwa mikono miwili. Lakini kabla ya kupokea dawa yake, mwenyeji hana budi akae goti kwa goti na mgonjwa, amsikilize panapomuuma.