Walio Juu ya Banio

Afisa mazingira anayepangiwa kituo Mkuu, Rombo, hufika na barua ya uhamisho, kompyuta mpakato na nakala ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Vyote vitamfaa. Lakini kabla hajakizoea kiti chake pale halmashauri, ningependa apande basi la Moshi, apite mjini bila kusimama, ateremke kusini mpaka Mabogini na Chekereni kwenye mashamba ya mpunga. Huko kuna kisa ambacho mtu wa tathmini asipokijua ni sawa na wakili asiyejua kesi kubwa za nchi yake.

Kisa hicho ni cha mradi uliofanikiwa. Nalitanguliza hilo makusudi, maana tumezoea kufundishana kwa miradi iliyooza: kiwanda kilichomwaga sumu mtoni, machimbo yaliyoacha mashimo na kina mama wajane. Hapa hapakuwa na sumu. Palikuwa na mpunga, tena mwingi.

Miaka ya 1970 Tanzania iliiomba Japani isaidie kupanga maendeleo ya Mkoa wa Kilimanjaro. Tambarare za chini ya Moshi zilikuwa na ardhi nzuri na jua la kutosha, lakini mvua yake si ya kutegemea, ilhali mlima ulio juu yake unamwaga maji mwaka mzima. Ukabuniwa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, ukajengwa kati ya 1984 na 1987. Maji yalichukuliwa kutoka mito ya Njoro na Rau, yakapitishwa kwenye mifereji iliyojengewa, yakamwagwa kwenye majaruba yaliyosawazishwa na kupimwa moja moja. Eneo zima lilikuwa hekta 2,300, na kati ya hizo 1,100 zilikusudiwa mpunga. Mbegu ilikuwa IR54, iliyozalishwa kwenye taasisi ya utafiti wa mpunga kule Ufilipino.

Mpunga ukakubali. Wakulima waliokuwa wakipata tani mbili hivi kwa hekta wakaanza kuvuna zaidi ya tani sita. Na bahati ikaangukia bahati, kwa kuwa miaka hiyohiyo serikali ilikuwa inalegeza biashara ya nafaka, mchele ukapata bei. Wageni wakaja kutazama, na baadaye kikafunguliwa palepale chuo cha kufundisha kilimo cha mpunga kwa wakulima wa mikoa mingine.

Sasa mtazame mkulima ambaye shamba lake liko juu kidogo ya banio, pale mradi unapochukulia maji mtoni, nje ya ramani ya mradi. Hakushirikishwa, kwa sababu mradi haukuwa wake. Analima mahindi na migomba kama baba yake. Anamwona jirani wa chini anapakia magunia ambayo mahindi hayajawahi kumpa mtu. Mto unaolisha majaruba ya jirani huyo unapita mlangoni kwake kwanza, na mfongo, yaani mfereji wa kienyeji, anao tangu enzi za mababu. Mbegu haifichiki, ni ya kuomba kwa shemeji. Kupandikiza nako si siri, maana ukifanya kibarua msimu mmoja umeshajua. Unadhani atafanya nini?

Alifanya hivyo hasa. Wakafanya hivyo na wenzake, shamba baada ya shamba, mpaka mpunga ukatapakaa huko juu ambako hakuna aliyeupanga. Banio la kisasa lina lango la chuma, linapandishwa na kushushwa kwa kuzungusha gurudumu, na mwenye funguo ni mmoja. Mfongo wa kienyeji unazibwa kwa mawe, udongo, kiroba cha mchanga na kigogo cha mgomba, na kufunguliwa kwake ni majembe machache tu gizani. Maji yaliyopimwa kwa ustadi na wahandisi yakawa yanafika banioni yamepungua. Sehemu ya majaruba yale yaliyosawazishwa kwa gharama kubwa ikawa inakosa zamu, mengine yakarudia mahindi, mengine yakakaa bila zao. Watu wakaanza kukesha wakilinda maji. Ofisi ya Bonde la Pangani ilipoanzishwa mwaka 1991 ilikuta ugomvi huo umeshapata mizizi, kila upande una hoja: huyu ana mradi wa serikali, yule ana mfongo wa babu.

Wapo wanaowaita wale wa juu wezi wa maji. Mimi jina hilo silikubali. Maofisa ugani wamehubiri miaka yote kwamba mkulima aige kilicho bora cha jirani yake, na hawa waliiga. Lawama, kama ipo, ni ya waliokaa mezani. Walipima mto, wakapima udongo, wakapima mvua, kisha wakachukulia kwamba watu wa juu wataendelea kuwa watazamaji. Kwa haki yao niseme kwamba wakati ule Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilikuwapo tangu 1983 lakini kazi yake ilikuwa zaidi ushauri. Sheria ya kumlazimisha mwenye mradi afanye Tathmini ya Athari kwa Mazingira, hiyo TAM tunayoizungumza leo, ilikuja 2004, na kanuni zake 2005.

Tatizo ni kwamba sheria imekuja na macho yetu ni yaleyale. Fungua ripoti yoyote ya TAM utakuta jedwali la athari. Vumbi wakati wa ujenzi, wanyunyize maji. Kelele, wafanye kazi mchana. Taka ngumu, liwepo jalala. Ajira kwa vijana, hiyo imewekwa alama ya kujumlisha. Kuna hata sura ya athari limbikizi, mara nyingi aya mbili, imenakiliwa kutoka ripoti iliyotangulia. Jedwali zima linauliza mradi ukiharibu itakuwaje. Mstari wa kuuliza mradi ukifanikiwa jirani atafanya nini, haupo.

Swali lenyewe huletwa na wananchi bila kuitwa. Chukua mkutano wa hadhara wa kawaida, chini ya mti karibu na ofisi ya kijiji, karatasi ya mahudhurio inazunguka. Mtaalamu kijana ameshaeleza mradi wa kisima, anasubiri maoni. Mzee ananyanyuka na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiki kisima kikitoa maji mengi kama ulivyosema, na sisi wengine turuhusiwe kuchimba?"

Watu wanacheka. Kijana anatabasamu, anajibu kwamba hilo litaangaliwa na mamlaka husika, kisha anaandika kwenye daftari: wananchi wameupokea mradi, hakuna pingamizi. Mzee hakupinga kweli. Alichofanya ni kumpa mtaalamu sura nzima ya ripoti, bure, naye ameikalia. Na tusisahau kwamba mtaalamu huyo analipwa na mwenye mradi, ndivyo utaratibu ulivyo. Mkono mtupu haulambwi, na sura inayosema mafanikio yako yatazaa visima vingine mia haimfurahishi anayelipa.

Ukitaka ushahidi mwingine, hauko mbali. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na umwagiliaji. Samaki hawakuwa shabaha kuu. Lakini perege walistawi ajabu kwenye maji yale mapya, wavuvi wakahamia kutoka pande zote, na mwaka 1970 samaki waliovuliwa walipita tani 20,000. Miaka michache baadaye mavuno yalikuwa yameporomoka, na baadaye serikali imewahi kulifunga bwawa ili samaki wapate kuzaliana. Hapo napo kilichowaponza watu ni neema.

Kinyume chake ni Ziwa Natron, huko mbali kabisa kaskazini, ambako gari likiharibika unalala nalo. Kati ya 2006 na 2008 palikuwa na mpango wa kiwanda cha magadi, ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Tata Chemicals ya India, cha kutoa tani 500,000 kwa mwaka. Waliopinga hawakusubiri kuuliza kama bomba litapasuka. Waliuliza: kiwanda kikifanya kazi vizuri kama kilivyochorwa, na barabara, reli, taa na watu wakaja, heroe watataga wapi? Natron ndiyo sehemu pekee ya Afrika Mashariki ambako heroe wadogo huzaliana kwa uhakika. Tathmini ilionekana haina jibu la kutosha, na mwaka 2008 Tata ikajitoa. Wazo la magadi halijafa, linaibuka kila baada ya miaka kadhaa, lakini swali limeshakaa mezani na kila anayekuja analikuta.

Mwaka 2019 lilipotangazwa wazo la magari ya kuning'inia kwenye nyaya kupandisha watalii Kilimanjaro, walioshtuka wa kwanza walikuwa wapagazi na waongozaji. Hofu yao ilikuwa kwamba magari hayo yatafanya kazi vizuri mno. Wapo watu wa Rombo wanaokula kwa njia ya Rongai, hivyo hofu hiyo ilifika mpaka Mkuu.

Na Mkuu ndiko tunakorudi, kwa sababu kisa cha mpunga kinanukia huko kwa harufu ya parachichi. Upande huu wa mashariki wa mlima una maji haba kuliko Moshi na Machame. Mito yake mingi hutiririka msimu wa mvua tu, na wengi hutegemea bomba. Parachichi la Hass lina soko nje, miche inauzwa, na ukanda wa chini una ardhi. Mtu mmoja atachimba kisima kirefu na atavuna. Kisima kimoja ni mradi mdogo, hupita njia fupi, na hakuna afisa mwenye akili timamu atakayekizuia. Cha pili vilevile. Cha arobaini nacho kitaletwa mezani kikiwa peke yake, kwenye faili lake, chenye vumbi wakati wa ujenzi na ajira kwa vijana.

Maji hayo ya chini hayajui wilaya. Ziwa Chala, ambalo mpaka wetu na Kenya unalikata, halina mto unaoonekana ukiingia wala kutoka. Linaishi kwa maji ya mlima yanayopita chini ya ardhi. Upande wa Taveta kuna mashamba yanayotegemea chemchemi za namna hiyohiyo. Kwa hesabu ya Lower Moshi, safari hii walio juu ya banio ni sisi.

Afisa mpya wa Mkuu aanze basi na vibali. Kila anayechimba kisima kirefu hutakiwa kuomba Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na ofisi iko Moshi, nauli ya basi. Aombe orodha ya waliokwisha kuomba Rombo nzima, akichanganya waliopewa na wanaosubiri, aichore kwenye ramani moja kabla ya kusaini faili lolote la kisima. Halafu aombe ruhusa ya kuvuka Holili. Mkurugenzi atamuuliza anakwenda kufanya nini Kenya wakati mradi uko Rombo, na safari haimo kwenye bajeti. Ajibu kwa maandishi, na nakala ya jibu aiweke ndani ya faili la mradi, pale ambapo kamati ya kupitia ripoti italazimika kuifungua.