Asali ina wenyewe

Mwaka 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, jamii ya warina asali, ilipowaondoa katika msitu wa Mau, ardhi ya mababu zao. Iliyoshtakiwa ni serikali, lakini hata mwenye duka ana lake la kutimiza. Ukiuza asali ya Mau, andika kwenye chupa imerinwa na nani. Lipa bei mliyopatana, siku mliyoahidiana. Omba ruhusa kabla ya kutangaza biashara kwa picha za mizinga yao. Ukitafuta wafungashaji, anza na vijana na kina mama wa huko. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji naye apone kweli.