Starehe ya Pamoja: Je, ni Anasa?

Swali hili huzusha ugomvi katika nyumba nyingi za Kikristo. Mama anaomba familia iende kuona makumbusho Jumapili. Baba anajibu: "Karo haijaisha, kodi inadaiwa, nawe wataka tukatazame mawe ya kale?" Nani ana haki?

Baba ana neno. Chakula cha mtoto hutangulia, na kukopa ili kutembea si busara. Lakini tuulize tena: je, nyumba hiyo haina starehe kabisa? Mara nyingi inayo, ila kila mtu na yake. Baba ana chupa yake na marafiki, mama ana mazungumzo na jirani, watoto wana televisheni. Saa za kupumzika zipo, na senti kidogo zipo, ila hakuna anayemshirikisha mwenzake. Wahenga walisema: kizuri kula na mwenzio.

Tena, mkate ukigawanywa hupungua. Uzuri ukigawanywa huongezeka.

Chukueni mfano wa Ngome ya Yesu, hapa Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ndani yake imehifadhiwa michoro waliyoichora ukutani: merikebu, samaki, watu, hata kanisa. Waliochora hawakuwa matajiri wenye nafasi. Walikuwa watu wa ngome ya vita, mbali na kwao. Hata hivyo walichora. Kumbe binadamu hangoji kushiba ndipo apende uzuri! Mwenyezi Mungu mwenyewe alitazama kazi yake akaiona njema, kisha akapumzika.

Mume na mke wakisimama bega kwa bega mbele ya michoro ile, kwa muda hawazungumzi madeni. Mtoto anauliza: "Kwa nini askari achore kanisa?" Baba hajui, mama hajui, nao wanafikiri pamoja. Hapo mume husikia mawazo ya mkewe ambayo hakupata kuyasikia jikoni. Wanaozungumza unga na karo tu, mwishowe huwa kama wabia wa duka: hesabu ni sawa, mioyo iko mbali. Sakramenti ya Ndoa iliwafanya mwili mmoja.

Ngome hiyo ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Leo watoto hukimbia uani mwake wakicheka. Nyumba nayo, ikibaki na kazi na madeni tu, huwa gereza. Nayo pia yaweza kubadilika.

Basi pangeni pamoja, bila kulazimishana. Kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni. Baada ya Misa katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, shukeni kwa miguu Barabara ya Nkrumah hadi ngomeni. Mwezi ukiwa mgumu, piteni vichochoro vya Mji wa Kale mkatazame milango ya nakshi. Kuitazama hakuna malipo. Nunueni viazi karai, mle pamoja. Mkirudi nyumbani, kila mmoja aseme lililompendeza, na wakubwa wasikilize kwanza.

Mbele ya altare mliahidiana kuwa pamoja katika taabu na raha. Taabu mnagawana kila siku. Na raha je?